Jibu Sahihi la Mwalimu Vyema

Wazazi, walimu, na nyote mliowahi kukalia dawati, nawaombeni masikio. Haya yalitokea katika nyumba moja tu, lakini nyumba zinazofanana nayo ni nyingi.

Ilikuwa nyumba yenye kibaraza, na kibarazani palikuwa na cherehani. Kila Jumamosi asubuhi Fundi alishona sare za shule, na mkewe aliketi kwenye ngazi akimsuka binti yao. Mtoto huyo alizaliwa mdogo mno, ndiyo maana baba yake alimwita Kifungo.

Mke alikuwa mwalimu. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu Vyema, kwa neno aliloliandika kwa wino mwekundu chini ya kila kazi, hata ya mtoto aliyekosa zaidi ya nusu. "Ukimwandikia vibaya leo," alikuwa akisema, "kesho atakuambia daftari limepotea."

"Mama, unanivuta!"

"Tulia. Uzuri una gharama."

"Basi niache na ubaya wangu."

Fundi alicheka mpaka mshono ukaenda upande.

Raha hiyo haikudumu. Walimu wawili walihamishwa na hawakuletwa wengine mahali pao. Mwalimu Vyema akaunganishiwa madarasa, watoto wakabanana kama dagaa, na madaftari yakawa yanarudi nyumbani ndani ya gunia. Jumamosi zikawa za kusahihisha. Kifungo akawa anasukwa na jirani. Fundi alimwona mkewe akikoroga chai, akiisahau, akiikoroga tena ikiwa imepoa.

Mwalimu Mkuu hakuwa mtu mbaya. Naye aliwaona walimu wake wakififia. Akatafuta mtandaoni, akapata mafunzo ya bure kwa walimu waliochoka: kila jioni somo fupi kwenye simu, kisha maswali machache. Umelala vizuri? Umekula bila haraka? Umecheka na mtu nyumbani? Mtu akijibu hapana mara kwa mara, mshauri angempigia simu. Hilo la mshauri Mwalimu Mkuu alilitaja mwisho wa kikao, watu wakiwa wameshabeba mikoba. Kisha akaongeza, "Kila mmoja amalize. Nitaangalia waliofanya vizuri."

Maneno hayo mawili, kufanya vizuri, ndiyo yaliyoharibu dawa.

Jioni ile Mwalimu Vyema alikaa wima mbele ya simu kama mtahiniwa. Fundi alimsikia akisoma kwa sauti: "Umecheka na mtu nyumbani leo?" Akabonyeza ndiyo.

"Umecheka na nani, mke wangu? Mimi hata salamu sijapata."

"Usinicheleweshe, Fundi. Hapa wanataka ndiyo."

"Na wewe je, unataka nini?"

"Nataka nimalize."

Tena hakujijibia peke yake. Wenzake walimjua kuwa hawezi kukataa. "Dada, nijibie na mimi, wewe una mkono mwepesi," walimwambia, wakampa namba zao za siri. Hebu fikirini, ndugu zangu. Mwanamke yule alikatisha usingizi wake ili athibitishe kwamba wenzake wamelala.

Mmoja tu alijijibia mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa michezo, kijana aliyeitwa Filimbi. Alijibu hapana, kesho yake hapana, na keshokutwa hapana. Chumba cha walimu kilivunjika mbavu.

"Filimbi amefeli kulala! Mtihani wa kufumba macho nao unakushinda?"

"Umenishinda kweli," alisema.

Mshauri alimpigia. Wakazungumza, kisha mshauri akazungumza na Mwalimu Mkuu, na Filimbi akapunguziwa vipindi. Mwalimu Vyema yeye alipewa cheti cha kufanya vizuri kuliko wote. Fundi akakibandika ukutani juu ya cherehani, na wateja waliokuja kupimwa walikisoma na kumpongeza. Macho yake yalikuwa yakimwona mke anayekonda, lakini karatasi ilikuwa rahisi zaidi kuiamini.

Mwaka huo Kifungo alikuwa katika darasa la mama yake. Shuleni alimwita Mwalimu kama wenzake, ndivyo walivyopatana. Jioni moja, nyumbani, akasema, "Mwalimu, naomba maji."

Fundi akasimamisha cherehani. "Huyo ni mama yako."

"Mama alikuwa anacheka," mtoto akajibu, wala hakusema kwa ubaya.

Mwalimu Vyema alimletea maji, akarudi kwenye gunia lake.

Haukupita muda mrefu. Asubuhi moja Kifungo alitokea kibarazani mbio, bila mkoba.

"Baba, njoo! Mwalimu haachi kuandika."

Fundi alifika darasani na futi yake ya kupimia ingali shingoni. Mkewe alikuwa ameandika tarehe ubaoni. Chini yake alikuwa ameiandika tena, na tena, ubao wote, kisha akawa anaandika juu ya maandishi yake mwenyewe mpaka pakawa peupe pasipo na neno la kusomeka. Na watoto walikuwa wakinakili. Hawakucheka, hawakunong'ona. Walikuwa wamefundishwa kwamba akiandika mwalimu, unaandika. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni.

Fundi aliitoa chaki vidoleni mwake taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto sindano.

"Twende nyumbani, mke wangu."

"Bado hawajamaliza," alisema.

Hospitalini walimlaza. Daktari alisema akili yake imebeba mzigo muda mrefu bila kutua. Filimbi alikuja kumtazama, akavuta kigoda karibu na kitanda.

"Dada, ungejibu hapana tu. Wangekupigia kama walivyonipigia mimi."

"Nilijua ndiyo ndilo jibu sahihi."

"Sahihi kwa nani?"

Akageuzia uso ukutani.

Fundi alirudi nyumbani akakibandua kile cheti. Rangi ya ukuta ikang'oka pamoja nacho.

Mwalimu Vyema hajarudi darasani. Jumamosi iliyofuata baada ya kutoka hospitali alikaa kwenye ngazi, na Kifungo akaja mwenyewe na kitana, akajipenyeza katikati ya magoti yake. Mama akaanza kusuka. Alipofika nusu ya kichwa, vidole vikasimama.

"Nimechoka," alisema. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumsikia akilitamka neno hilo.

Mtoto akageuka, akamtazama. "Basi pumzika, Mama."

Jumatatu Kifungo alikwenda shule kichwa kikiwa kimesukwa upande mmoja. Wenzake walimcheka. Jirani alijitolea kummalizia, mtoto akakataa. "Mama atamalizia akishapumzika," alisema.

FUNZO

Ndugu zangu, simu haikumdanganya mwanamke huyu. Yeye ndiye aliyeidanganya, na sisi tukampigia makofi. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mwalimu, ukiulizwa unaendeleaje, huo si mtihani. Sema kweli, na usimjibie mwenzako. Wakuu wa shule, msitafute mshindi wa kupumzika, na kumbukeni kwamba mafunzo ya simu hayawezi kubeba gunia la madaftari. Lipunguzeni ninyi. Nanyi mnaoishi na mwalimu, mtazameni uso kabla ya kusoma cheti chake. Kicheko kikihama nyumbani, usingoje mtoto aje mbio bila mkoba.