Nani Alifuta Njia za Boniphace?

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Petronila alikaa jikoni kwake Butiama, akawasha simu ili amsikie marehemu mumewe, na mumewe hakuwepo.

Ndivyo alivyokuwa akianza siku tangu Boniphace afariki mwezi wa tano. Anabandika chai, anafungua tovuti ya Miguu ya Mara, anachagua njia moja, na Boniphace anaanza kuelekeza: shikilia mkono wa kushoto, lipite lile jiwe kubwa, usisahau kusabahi kwenye mji wa fulani. Jana yake jioni, baada ya rozari, alikuwa amemsikiliza akipandisha watu mlima Balili. Asubuhi ile aliona ukurasa mweupe. Alizima simu, akaiwasha tena, akatoka nayo uani kutafuta mtandao mzuri. Weupe ule ule. Chai ikachemka mpaka ikamwagika motoni.

Kabla sijaendelea, niwaeleze hawa watu, maana wanastahili. Miguu ya Mara si kampuni wala mradi wa mfadhili. Ni watu wanaopenda kutembea milimani, basi. Boniphace, bwana shamba mstaafu, ndiye aliyeianzisha, akaandika njia moja moja kwa miguu yake na kuisimulia kwa sauti yake, kuanzia vilima vya Butiama hadi Mugeta hadi rasi za ziwani. Wenzake walimfuata kwa kupenda tu, hakuna aliyelipwa hata soda. Huku kwetu mtu akionekana anapanda mlima bila shughuli anaulizwa kama amepoteza ng'ombe. Waliulizwa miaka mingi, wakacheka, wakapanda.

Tena walikuwa na utaratibu wao, na hakuna aliyewalazimisha. Njia haikuhesabika kuwa njia mpaka watu wawili ambao hawakuiandika waipite wakifuata maelezo peke yake. Waliwaita wapimaji. Mpimaji anapita, anabisha hodi kwenye miji, yaani makazi ya watu, ambayo njia inakatiza mashamba yake, anaongea na wenyeji, kisha anaandika jina lake chini ya ukurasa. Na kila mwaka njia ilipimwa upya, kwa sababu mvua za huku zina tabia zake. Boniphace alikuwa mkali kwa jambo moja: alichoandika mpimaji hakifutwi. Kama umekosea, unaongeza maneno chini yake, na kosa linabaki pale watu walione.

Sasa maktaba ya chuo kimoja ilikuwa imekubali kuchukua nakala ya tovuti nzima na kuitunza siku zote, ili hata waliopo wakifa, anayependa kutembea miaka hamsini ijayo aikute. Nakala ingechukuliwa Ijumaa. Petronila alikuwa akiisubiri Ijumaa ile kama harusi. Boniphace aliondoka bila mtoto, na zile njia ndizo alizoacha duniani.

Saa mbili asubuhi alimpigia simu Mwamvita.

Mwamvita alikuwa mpelelezi wa polisi mpaka alipostaafu, akafungua genge la vitenge karibu na soko la Mwigobero, Musoma. Ni mpimaji pia. Mfupi, mwenye hasira za karibu, na haamini kitu kinachoitwa bahati mbaya. Alimsikiliza Petronila akilia, akamwambia asimtuhumu mtu yeyote kwanza, akafunga genge, akaenda kwa Ikhlas.

Ikhlas ana steshenari mjini, na ndiye aliyeitengeneza tovuti. Alikuwa ameshaiangalia. Akaeleza kwa ufupi kwamba hii si hitilafu ya mtandao. Mtu aliingia usiku kwa nenosiri halali akafuta kila kitu. Nenosiri lilikuwa kwa watu watatu: yeye mwenyewe, mwalimu Enos wa Bunda, na marehemu, ambaye lake lilibaki kwenye simu yake ya zamani.

"Na nakala?" Mwamvita akauliza. "Si ulikuwaga unatunza nakala ya mwaka jana kwenye diski?"

Ikhlas akainama. Diski ilikufa umeme uliporudi kwa nguvu, na aliyejua hivyo alikuwa marehemu peke yake. Wenzake wote waliamini ipo. Aliona aibu kusema.

Mwamvita hakumwonea huruma. Kwenye mkutano uliopita Ikhlas alikuwa amesema amechoka, atafutwe mwingine, na wote walimsikia. Akamuuliza usiku ule alikuwa wapi. Ikhlas akainua mikono: hina mbichi, nyekundu hadi kwenye vifundo. Alilala kwa binamu yake kwenye shughuli ya harusi, akafungwa mikono mifuko ya nailoni tangu magharibi mpaka alfajiri, hata maji alinyweshwa. Mwamvita akaenda kwa binamu akathibitisha. Wanawake wa nyumba nzima walikuwa mashahidi, na walimsimulia zaidi ya alichouliza.

Jumanne alipanda gari kwenda Bunda kumwona Amini, kijana anayewatembeza wageni milimani. Simu ya marehemu ilikuwa kwake tangu Jumamosi, Petronila alimpa aitafutie fundi wa kioo. Tena aliwahi kumwomba Petronila amwachie tovuti aiendeshe yeye kibiashara, akakataliwa. Amini alijua anashukiwa, akajibu kwa sauti ndogo kwamba njia zikifutwa, yeye wa kwanza kulala njaa, kwa sababu anatembeza wageni kwa njia hizo hizo. Akampeleka kwa fundi. Simu ilikuwa mezani, imefunguliwa matumbo, na fundi akaapa iko hivyo tangu Jumamosi mchana. Kijana wa watu alikuwa hana neno. Mwamvita akamwomba radhi, jambo ambalo halimtokei kila siku.

Lakini ni Amini aliyempa wazo. Alisema milimani mtandao haushiki, kwa hiyo kila mtembeaji huhifadhi ukurasa na sauti kwenye simu kabla ya kupanda. Mwamvita akasimama pale pale kwa fundi, akampigia Ikhlas.

Hapo ndipo mtu unawapenda hawa watu. Taarifa ilitoka Jumanne mchana, na jioni watu walikuwa wamejaa steshenari. Mama wa dagaa kutoka Mwigobero alikuwa na njia ya Makoko. Katekista akaja na tatu za Butiama. Dereva wa bodaboda wa Bweri alikuwa na nane, na akaona haya alipoulizwa kwa nini. Akasema mzee Boniphace alikuwaga na sauti nzuri ya kulalia. Ikhlas alipokea simu moja baada ya nyingine kwa ile mikono yake ya hina, anarudisha njia mahali pake, machozi yanamtoka na hayafuti.

Jumatano asubuhi ilibaki njia moja, ya Mugeta. Dereva yule akasema Lukresia, mama wa Mugeta ambaye mji wake uko kwenye njia ile, siku hizi anaishi Bweri kwa binti yake, na binti ni mtembeaji. Mwamvita akapakiwa kwenye pikipiki.

Lukresia alikuwa anachambua mtama uani. Mwamvita akamwamkia, akakaa naye kidogo. Mama akasimulia kwamba mvua za vuli zilipasua korongo jipya, likala njia na nusu ya mji wake, nyumba ikaanguka.

"Nilihama kabla ya Krismasi," akasema. "Pale hapakaagi mtu tena. Mbuzi nao niliwahamisha."

Binti akatoa simu. Ukurasa wa Mugeta ulikuwepo mzima, na sauti ya Boniphace, na chini kabisa mpimaji wa mwisho: Enos, mwezi wa nne, njia ni nzuri, hakuna badiliko. Binti alikuwa ameuhifadhi kwa kumbukumbu ya kwao, hakuwahi kuusoma mpaka chini. Hakuwa na moyo wa kwenda kupaona. Mwamvita aliusoma, akaomba autume kwa Ikhlas na asimwonyeshe mtu mwingine.

Saa nane mchana alikuwa Bunda, kwenye ofisi ya walimu. Enos anafundisha jiografia, mpole, kila mtu anampenda, na alikuwa kama mtoto kwa Boniphace. Alimpa Mwamvita kiti, akamwamkia, akasikitika vizuri tu. Mwamvita akamwambia habari njema: kurasa zinarudi kutoka kwenye simu za watu.

Enos hakufurahi. Akauliza, "Hata ya Mugeta, mama?"

"Tunaitafuta. Kwani?"

"Basi tu. Na ile nakala ya mwaka jana ya Ikhlas, si mngeitumia hiyo? Ni rahisi zaidi."

Mwamvita akasema ataulizia. Kisha, kama mtu anayepiga soga, akamwomba amsimulie alipopima Mugeta mwezi wa nne, maana yeye hajafika kule siku nyingi. Enos akasimulia vizuri: mteremko, shamba la mihogo, kivuko cha kijito. Akasema alipumzika kwenye mji wa mama Lukresia.

"Alikupa maji?"

"Uji wa ulezi. Si unamjua mama yule, hakuachii upite mikono mitupu."

Mwamvita akacheka, akaaga, akatoka nje ya geti la shule. Huko nje hasira zilimpanda mpaka akashindwa kupandisha mguu kwenye pikipiki.

Alhamisi saa tisa alasiri aliwaita wote nyumbani kwa Petronila. Walikaa sebuleni: Petronila, Ikhlas, Amini, Enos. Mwamvita alikuwa amemleta Lukresia pia, lakini kwanza alimwacha jikoni.

Akaanza bila mbwembwe. Aliyefuta alikuwa na nenosiri. Simu ya marehemu ilikuwa vipande vipande mezani kwa fundi. Ikhlas alikuwa amefungwa mikono mbele ya nyumba nzima ya wanawake. Amebaki mmoja. Enos akatazama sakafu.

"Nilijiuliza mtu anayezipenda njia hizi atazifutaje zote," Mwamvita akaendelea. "Mpaka nilipoelewa kwamba alitaka kufuta mstari mmoja. Lukresia, njoo mama."

Lukresia akaingia akijifuta mikono. Mwamvita akamuuliza kama mwezi wa nne alimpa mwalimu huyu uji kule Mugeta. Mama akamtazama Enos kwa mshangao, hata hakuwa na ubaya naye.

"Mwanangu, mwezi wa nne nilikuwa Bweri. Pale utakuwa umenywa na nani?"

Enos akafunika uso. Akasema yote. Mwezi wa nne Boniphace alikuwa kitandani, na kila aliyekwenda kumwona aliulizwa kama njia zote zimepimwa. Zilikuwa zimebaki mbili, ya Mugeta mojawapo. Enos alikuwa na mitihani ya kusahihisha na homa juu yake.

"Aliniuliza, nikamwambia Mugeta nimepita. Nikaandika nikiwa mezani kwangu, kwa kukumbuka nilivyopita mwaka wa nyuma. Nikasema nitakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo tukamzika."

Baada ya hapo hakuwa na ujasiri. Kisha ikaja habari ya maktaba: uongo wake ungetunzwa siku zote, na jina lake juu yake. Kuufuta mstari peke yake asingeweza, wenzake wangeuona mara moja kwa jinsi wanavyolichunga lile sharti. Akaona vikifutwa vyote, italaumiwa mitandao, Ikhlas atarudisha ya mwaka jana, na mwezi wa nne wake hautakuwepo tena.

"Sikujua diski imekufa," akasema. "Petronila, mama yangu, wallahi sikujua kama nimemfuta mzee mwenyewe."

Ikhlas alikuwa analia. Amini alikuwa amekasirika waziwazi. Akasema wiki mbili zijazo alipanga kupeleka wageni Mugeta kwa kuamini jina lile, na korongo lingewapokea. Mwamvita akamgeukia Petronila, akamwambia polisi ni uamuzi wake.

Petronila akamgeukia Enos.

"Boniphace alifurahi ulipomwambia," akasema. "Nilikuwepo. Alilala vizuri siku ile, na kwa hilo nakushukuru. Lakini nusura umuue mtu kwa sauti yake. Mtu angekuwa anamsikiliza mume wangu akimwambia teremka, anateremka."

Enos akasema yuko tayari kwa polisi, tena aondolewe kwenye kundi.

"Sitaki polisi. Mstari wako unarudi. Ikhlas, urudishe kama ulivyokuwa, jina na yote, na maktaba wauchukue hivyo hivyo. Halafu wewe Enos, kesho asubuhi unakwenda Mugeta, unapita, unaandika chini yake ukweli."

Mwamvita, ambaye kazi yake maisha yote ilikuwa kuwafunga watu, alinambia baadaye kwamba hajawahi kuona hukumu iliyomwingia mtu kama ile.

Enos akauliza nani atakuwa mpimaji wa pili. Mwamvita akajitolea, Amini naye. Petronila akasema hapana, atakwenda yeye.

Wote walimshangaa. Miaka yote Boniphace alipokuwa milimani, yeye alibaki nyumbani na ng'ombe na mihogo. Njia zote alizijua kwa masikio. Hakuna hata moja aliyowahi kuipita.

Ijumaa waliondoka na gari la kwanza. Enos alitangulia, Petronila nyuma yake kwa raba za kuazima, na Boniphace mfukoni anaelekeza. Walifika kwenye korongo. Boniphace akasema teremka hapa, na chini ya miguu yao palikuwa na shimo la kumeza nyumba. Petronila akaizima sauti. Akashikwa mkono na Enos, wakatafuta juu, kwenye miiba, mpaka wakapata pa kuvukia. Walirudi na kuivuka mara ya pili ili wawe na hakika.

Saa tisa alasiri, kabla maktaba haijachukua nakala yake, Ikhlas alipandisha maneno yao chini ya ukurasa wa Mugeta. Yapo hadi leo.

"Mwezi wa nne niliandika kwamba nimepita. Sikupita. Leo nimepita. Korongo limekula njia, usiteremke Boniphace anaposema teremka. Panda kulia kwenye miiba. Enos."

Na chini yake: "Ni kweli, nimepita naye. Kwenye korongo msimsikilize mume wangu. Kwingine kote msikilizeni. Petronila, mpimaji wa pili."