Kona Niliyoing'ata Nikiwa na Mimba

Krr. Krr. Krr.

Saa nane za usiku. Nikadhani panya, maana sisi tunaokaa karibu na maghala ya reli hapa Kilosa panya hatuwakosi. Nikapapasa kitandani nimfunike mwanangu. Mkono ukaangukia shuka. Shuka tupu, bado lina joto lake. Na ile krr ilikuwa inatoka ukutani, upande wa nje, chini kabisa, usawa wa mtu aliyelala.

Thadeo alikuwa na miezi minne. Hajui kukaa, hajui kutambaa. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani, nimelitoa mwenyewe, nikazunguka nyuma ya nyumba nikamkuta amelala chali, kimya, macho wazi. Kucha zake zimejaa vumbi la kijivu. Nyumba yetu ni ya udongo mwekundu, ndani na nje. Hakuna kijivu popote.

Lakini ngoja nianze mwanzo, nikianzia hapa utasema nimechanganyikiwa.

Mwaka tisini na mbili mume wangu Anselmi alikuwa hapumziki. Enzi za duka la ushirika nani alihitaji bango? Sasa biashara zimefunguliwa, kila mtu na duka lake, mwenye mitumba anataka bango, mwenye saluni anataka bango, mwenye mashine ya kusaga anataka achorewe mpaka gunia. Hivyo ndivyo Mjerumani mmoja, Bwana Klausi, alivyomjua. Akaja na kreti la mbao, ndani mna vipande vya zege, vingine vikubwa kama sinia. Ni vya ule ukuta uliougawa mji wa Berlin, tuliosoma habari zake sekondari, uliobomolewa miaka mitatu kabla. Anataka vichorwe wanyama wa Mikumi, halafu vinadiwe kwa watalii kwenye hoteli mpya ya kule mbugani.

Anselmi akafurahi. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba na nilikuwa nakula udongo. Si jambo la ajabu, wanawake tunajuana, udongo wa pemba unauzwa sokoni kwa mafungu kama karanga. Ila siku ile ulikuwa umeniishia. Anselmi alikuwa amekilowesha kipande namba saba apate kukisugua, akakiegemeza mlangoni, akaenda kununua rangi. Jua likakipiga. Ikatoka harufu, jamani, ile ya mvua ya kwanza ikigusa vumbi. Mate yakanijaa mdomoni. Nikajiambia nitalamba tu.

Nikalamba. Kilikuwa na chumvi.

Kona ilikuwa imelegea. Nikaing'ata ikakatika, kubwa kama ncha ya kidole gumba, nikaimung'unya mpaka ikaisha, na kokoto yake ndogo nikaimeza.

"Doris, hii kona imekwenda wapi?" Anselmi aliuliza aliporudi.

"Labda imevunjikia kwenye kreti."

Akaguna. Akachora twiga, na pale palipokatika akapaka bluu ya anga.

Siku ya mnada tulipanda lori la Bwana Klausi. Barabara ya Mikumi inapita kijiji cha Ulaya, na Mjerumani alipoambiwa jina la kijiji alicheka mpaka akafuta macho. Tulifurahi kweli siku ile. Dalali alikuwa Mzee Mudathir, aliyezoea kunadi ng'ombe Dumila, na vile vipande alivinadi hivyo hivyo: "Waheshimiwa, tembo huyu hali, hanywi, haumwi ndigana! Mara ya kwanza! Mara ya pili!" Watalii hawaelewi, wanacheka tu, wananyoosha mikono.

Kikafika kipande namba saba. Bwana Klausi mwenyewe akashika kipaza sauti, na Mzee Mudathir akawa anatutafsiria sisi wa nyuma, sauti yake inashuka kila neno.

"Anasema hapa kijana mmoja alipanda alfajiri. Alitaka kuvuka. Mama yake alikuwa upande wa pili. Akapigwa risasi akiwa juu. Anasema... alikwaruza ukuta kwa kucha mpaka akanyamaza. Na mama yake alikuwa anamsikia."

Hakuna aliyecheka tena.

Mbele akasimama bibi mmoja wa kizungu, nywele nyeupe. Akataja bei. Hakuna aliyeshindana naye. Akakiendea, akakipapasa kama unavyompapasa mtoto mwenye homa, vidole vikatembea juu ya twiga mpaka vikafika kwenye kona. Vikasimama hapo. Akasema kitu.

"Mama anauliza kona iko wapi," Mzee Mudathir akatangaza. "Aliye nayo airudishe. Hatamdai kitu. Anaitaka tu."

Nikaangalia miguu yangu. Ningesema nini, nimeila? Mbele ya wageni wote wale, kazi ya mume wangu iishie pale? Nikanyamaza.

Ndipo mtoto akacheza tumboni. Halikuwa teke. Nimezaa mtoto huyu mmoja tu lakini teke nalijua. Huku kulikuwa kukwaruza. Polepole, kutoka ndani, kama mtu anatafuta mlango.

Yule bibi akageuka. Kati ya watu wote akaniangalia mimi. Tumboni.

Basi, Thadeo akazaliwa salama, mnene, mzuri, na miezi minne ikapita. Ndipo ukaja ule usiku niliokwisha kuusimulia.

"Umemwacha nje?" Anselmi aliniuliza.

"Nimemwacha vipi, na komeo ulifunga wewe?"

Akaenda kulikagua komeo. Nami nikashindwa kuvumilia, asubuhi ile ile nikamwambia habari ya kona. Hakunigombeza. Mchana nikamlaza Thadeo chumbani, nikakaa mlangoni kuchambua mchele. Nilipoinua macho, kitanda kitupu. Dirisha letu lina nondo. Tulimtafuta mpaka saa kumi, majirani wote, mpaka kwenye maghala, mpaka mtoni. Tukamkuta nyuma ya nyumba, pale pale, ambapo tulikuwa tumepita mara ishirini. Mwili wake ulikuwa wa baridi kama mtungi.

Anselmi akamwita mama yake kutoka Berega. Mama Costancia ni mtu wa kanisa, hana mchezo na mambo ya waganga. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, "Marahaba," akamshika mjukuu wake, akamnusa nywele, akamnusa viganja. Kisha akaniita jikoni.

"Mimi na mimba ya Anselmi nilimaliza kichuguu kizima, ndiyo maana kichwa chake kigumu vile," alisema. Sikucheka. Hata yeye hakucheka. "Na wewe. Ulikula nini?"

Nikamwambia kwa kunong'ona.

Magharibi ya siku aliyofika, Thadeo akatoweka tena. Alikuwa mikononi mwa bibi yake. Mikononi, nasema, amefunikwa blanketi! Blanketi likabaki.

Usiku kucha Mama Costancia alipiga magoti pale pale. Kulipokucha tukasikia krr, tukakimbia nyuma. Alikuwa amelala, anatabasamu. Nyweleni kulikuwa na vitu vyeupe kama majivu. Nikavigusa, vikawa maji. Oktoba ile, Kilosa, joto la kuchemsha maziwa. Na mguu wa kushoto alikuwa amevaa soksi. Soksi ndogo ya sufu, imefumwa kwa mkono, kuukuu, inanuka dawa ya wadudu wa nguo, kama nguo iliyokaa sandukuni miaka mingi.

Mama Costancia akaishika kwa ncha za vidole.

"Usimwambie mtu mwingine," akanong'ona. "Kila unapolisema jambo hili, anakaa huko zaidi."

Nikafunga mdomo. Mwezi mzima. Mtoto hakuondoka hata mara moja, ila kila jioni anageuza uso ukutani na kusikiliza.

Anselmi akaenda Mikumi. Hakusema habari ya kona, alimwambia Bwana Klausi tu kwamba mtoto anaumwa na tunahitaji kipande namba saba kirudi. Bwana Klausi akasema mnunuzi hawezi kutoa kitu bila sababu, mama wa mtoto aandike barua, aseme yote, asifiche, yeye ataitafsiri na kuituma.

Kwa hiyo ni wewe ninayekuandikia, mama mwenye nywele nyeupe. Nimejiambia kuandika si kusema. Ni saa sita mchana, mlango wazi, jua limejaa ndani. Thadeo nimembeba mgongoni kwa kanga mbili, mafundo mawili, naandika nimesimama ili nimsikie akipumua. Anapumua.

Mama, huyu siye. Wa kwako alipigwa risasi, na nakupa pole kwa moyo wangu wote, sasa najua kidogo inavyokuwa kumsikia mtoto upande wa pili wa ukuta usimfikie. Kona niliila mimi. Sikujua. Siku ile uliuliza vizuri nami nikanyamaza, nisamehe. Siwezi kuirudisha. Kitume kipande huku, nikiweke karibu na mtoto, kiwe kizima, asiwe na haja ya kuvuka. Soksi nimeifua. Nimeikunja ndani ya bahasha hii. Ni yako, najua, wala

Krr.

Mgongo umekuwa mwepesi.

Mafundo yapo. Sijayagusa. Kanga imebaki na umbo lake, imetuna kama vile bado yumo, nimeingiza mkono, mna baridi.

Mama, kama ni baridi huko mfunike. Soksi ya pili unayo. Anapenda kulala ubavu wa kulia. Halafu mrudishe. Barua hii siimalizii, na ikishafika kwako ichome. Naapa kwako, simwambii mtu mwingine.