Lenzi ya Ishirini na Nane

"Inua kidevu, baba. Kidogo tu. Sasa usi..."

Mzee alikwisha kugeuza kichwa. Leonida aliacha kibonyezo akatazama kule mzee alikotazama. Ilikuwa siku ya soko Homa Bay, na barabara ya mbele ya studio ilijaa watu, lakini wote walikuwa wamempisha kijana mmoja mrefu mwenye koti la kijivu na viatu vinavyong'aa. Kichwani alivaa helmeti nyeupe, na ubavuni mwa helmeti hiyo, upande wa kulia, palifungwa kamera ndogo kwa bolti.

"Samahani, dada," alisema mlangoni. "Mna lenzi pana?"

"Ngoja nimalize na baba. Na uvue hicho kitu, unanitawanyia wateja."

Aliivua, akaketi kwenye benchi akangoja karibu saa nzima bila kuguna. Leonida aliliona hilo.

Jina lake lilikuwa Japheth Nyamhanga, Mkuria wa upande wa Isebania, aliyejifunza jeshini kuruka kwa parachuti. Baada ya majuma mawili angeruka kwenye maonyesho ya kilimo. Picha zake zikitoka vizuri, klabu moja ya Nairobi ingempa kazi.

"Nikiwa naanguka siwezi kuweka jicho kwenye kamera," alieleza, akimwonyesha waya wenye kibonyezo cha mkononi. "Natazama tu, nabonyeza. Kichwa kikigeuka, kamera imegeuka."

"Kwa hiyo haiwezi kuficha unachotazama."

"Haiwezi kabisa."

Leonida alitoa lenzi mbili kabatini. Kazi hii alijifunza mwenyewe, kwa kusoma vijitabu vya kamera na kamusi pembeni, na kwa miaka saba alikuwa amepiga picha za harusi za watu wengine, kisha akarudi jioni kwenye chumba chake cha kupanga na kupika chakula cha mtu mmoja.

"Hii ni ya milimita thelathini na tano. Hii ya ishirini na nane ni pana zaidi, ila watu wanakuwa wadogo. Usichague kwa kusikia. Tutajaribu zote, filamu moja kwa kila lenzi."

"Tutajaribu? Mimi na nani?"

"Wewe na helmeti yako," alisema Leonida, lakini alikuwa anacheka.

Tangu siku hiyo Japheth alikuja kila jioni. Alimwita Nyar Sori, binti wa Sori, maneno pekee ya Kijaluo aliyoyajua. Mengine yote waliyasema kwa Kiswahili, lugha waliyokuwa nayo wote wawili. Leonida alimwita Mtu wa Juu. Usiku alijikuta akilitamka jina hilo peke yake chumbani.

Jumapili baada ya misa walikwenda gatini kujaribu lenzi. Leonida alivaa gauni la njano lililokazwa kiunoni, na binamu yake Roseline, aliyekuja kumtembelea, alivaa la kijani lililowafanya hata wapakuzi wa meli wasimamishe kazi. Wasichana walisimama wameachana hatua mbili, Roseline upande wa kulia kwake Japheth. Japheth alivaa helmeti, akasogea, akarudi nyuma, akabonyeza.

"Shemeji, unafanana na kuku mwenye kilemba!" Roseline alimpigia kelele.

"Cheka tu. Utaniona nikitoka mawinguni!"

Jumatatu Leonida alisafisha filamu ya kwanza, ile ya thelathini na tano. Roseline alikuwa katikati ya kila picha. Picha ya kwanza, ya tano, ya kumi na nane. Yeye mwenyewe hakuwemo. Katika mbili tu ulionekana mkono wake, umekatwa kwenye kiwiko.

Hakulia. Alikausha picha, akazitia kwenye bahasha na kuandika juu: "Lenzi hii inakutosha. Umempata uliyekuwa ukimtazama." Siku hiyohiyo mwenye studio aliuliza nani angekwenda kushika duka jipya la Migori, na Leonida akainua mkono. Filamu ya pili ilikuwa bado mkobani mwake, pamoja na lenzi ya ishirini na nane.

Jumanne alikuwa Migori, na hakujua mtu. Madereva wa malori walikuja kupigwa picha za vitambulisho, wakalipa, wakaelekea mpakani. Alasiri mvua ilinyesha juu ya mabati, na mto ulisikika ukipita darajani. Siku hiyo sauti yake ya kwanza ilitoka saa nne, mteja alipoingia.

Jumatano jirani yake Kemuma, muuza vitambaa, alimwita. "We Leonida! Simu, kutoka Homa Bay! Mwanamume huyo anapumua kama amekimbia."

"Leonida," ilisema sauti ya Japheth, mbali, yenye mikwaruzo. "Mbona umeondoka bila neno?"

"Nilikuandikia."

"Nilikuwa nakutazama wewe!"

"Kamera ilikuwa kichwani mwako, Japheth. Si kwangu."

"Hata mimi nimeshangaa. Nilidhani lenzi ni nyembamba..."

"Msalimie Roseline."

"Nyar Sori, sikiliza. Naruka Jumamosi. Ile filamu nyingine unayo wewe, sijui nifunge lenzi gani. Baada ya hapo naenda Nairobi, na sitaki kwenda bila..."

"Dakika tatu zimekwisha," alisema opereta, na laini ikakatika.

Kemuma alijifanya anapima kitambaa.

Alhamisi mchana Leonida aliingia chumba cha giza. Alijiambia ni kazi tu. Aliahidi filamu mbili, atazisafisha mbili. Picha ya kwanza ilipojitokeza kwenye dawa, Roseline alikuwa palepale katikati, sasa mdogo zaidi. Na ukingoni kabisa, upande wa kushoto, alisimama mwanamke mwenye gauni lililokazwa kiunoni, yeye mwenyewe.

Alisafisha ya pili, ya tatu. Kila mara alikuwa ukingoni. Kufikia ya tisa Roseline alikuwa amekwenda kununua soda, na pale katikati palibaki ukuta mtupu wa ghala na baiskeli. Hakuna mwanamume anayetazama ukuta mara sita. Leonida alichukua rula. Katika kila picha, iwe Japheth alikuwa mbali au karibu, uso wake yeye ulikuwa umbali uleule kutoka ukingoni.

Bolti haikukaa sawa. Kamera ilipinda kuelekea kulia, na mwenye helmeti hawezi kuiona kamera iliyo kichwani mwake.

Alikwenda kwa Kemuma kupiga simu Homa Bay, mikono ikinuka dawa.

"Kamera yako imepinda," alisema mara Japheth aliposhika simu ya studio. "Unachokitazama kinaangukia kushoto. Lenzi nyembamba ilinikata. Ile pana imenishika, kila picha niliyosafisha."



"Uliiamini kamera kuliko mimi," alisema Japheth.

"Ndiyo. Kamera naijua miaka saba. Wewe nakujua wiki mbili. Lakini ilinipasa kukuuliza, na sikukuuliza. Nisamehe."

"Iliniuma, Leonida."

"Najua. Hata mimi nimekuwa huku peke yangu nikiumia."

Alimsikia akivuta pumzi. "Nikitua Jumamosi, nataka kwenda Sori kwa baba yako."

"Kwanza utue."

"Nimeshika spana hapa. Niinyooshe sasa hivi?"

"Usiiguse! Utainyooshaje na huioni? Nakuja kesho na basi la asubuhi, na lenzi ya ishirini na nane. Mimi nitasimama, wewe unitazame, tuikaze pole pole."

"Nitazame tu?"

"Utazame tu, mpenzi. Usibonyeze chochote."

Kemuma aliangua kicheko nyuma ya majora ya vitambaa.

Leonida alirudi dukani. Mvua ilikuwa imeanza, na hakukuwa na wa kumwambia. Picha saba za mwisho zilikuwa hazijatengenezwa. Aliukunja ukanda wa filamu ndani ya karatasi, akautia mkobani ili azimalizie Homa Bay kesho. Hakuwa na haraka nazo. Alijua yuko wapi ndani ya kila moja.