Onyo Alilolizima Suweilim

Tik. Tik. Kimya. Tik.

Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Binti yetu Hajar amelala kanikumbatia shingo, mbuzi wametulia uani, nyumba nzima inanukia mkate wa jana. Mume wangu Suweilim alikuwa amekaa ukingoni mwa godoro, gizani, akibonyeza vitufe vya ile kompyuta ya kuzamia aivaayo mkononi kama saa.

"Unafanya nini, Baba Hajar?"

"Nalizima onyo lake. Linanitia aibu."

Mama zangu na dada zangu wa hapa Dahab, kando ya Bahari ya Shamu, kazi ya waume zetu mnaijua: kuwashusha wageni baharini. Lakini hili huenda hamjaambiwa. Kadiri mtu anavyozama, hewa ya mtungi aubebao mgongoni inazidi kuwa nzito, mpaka kuivuta ni kama kuvuta uji kwa mrija. Mapafu huchoka, hewa chafu hubaki mwilini, mtu huhema, huchanganyikiwa, kisha huzirai. Kompyuta huupima uzito huo. Ukizidi, namba hugeuka nyekundu na kifaa hutetemeka: usishuke zaidi, au siku nyingine uje na mtungi uliochanganywa heli, gesi nyepesi.

Jana yake, kwenye chai, wenzake walimcheka.

"Suweilim, hicho kidude ni mama mkwe wako? Kikinuna tu, mbio juu!"

Alicheka nao. Lakini neno lilimkaa moyoni.

Asubuhi ile mgeni alitaka kuliona Tao, lango la mawe lililo chini sana. Mgeni alibeba heli. Mume wangu alibeba hewa ya kawaida na ushupavu wake.

"Mimi kwa hewa hii naishia pale kompyuta yangu itakapowaka nyekundu," alisema Atiya, binamu yake na mwenzake kazini.

"Basi baki na mama mkwe," Suweilim akamjibu.

Huko chini mkondo ulimsukuma mgeni pembeni. Suweilim akapiga miguu kwa nguvu kumfuata. Akahema. Akavuta tena, pumzi isitoshe. Mkononi mwake hakuna kilichotetemeka. Atiya, aliyebaki juu yake kidogo, akaona mapovu yanatoka mfululizo, hayapumziki. Alishuka huku kompyuta yake mwenyewe ikimwakia, akamshika mkanda wa mtungi, akapanda naye polepole. Mgeni, akiwa salama, akawafuata.

Adhuhuri walimleta nyumbani kutoka zahanati, alikovutishwa oksijeni. Macho mekundu, kichwa amekishika kwa mikono miwili.

"Usilie, shemeji," Atiya aliniambia. "Mtu wako huyu hapa, mzima. Kilichovunjika ni kiburi tu."

Suweilim hakucheka. "Mama Hajar, nilitaka kukitema kipumulio. Niliona bora nivute maji."

Jamani, nilikaa chini palepale mlangoni. Nikasema Alhamdulillahi.

Siku ya pili tulichinja mbuzi kwa shukrani. Wale wa kwenye chai walikuja nao wakala. Mmoja akasogea karibu na mume wangu, mkate mkononi.

"Suweilim," akanong'ona, "hata mimi onyo langu nililizima. Linawashwa vipi?"

FUNZO

Onyo halimdhalilishi mtu. Limewekwa kwa sababu hewa nzito humlewesha mtu kabla hajajua kuwa amelewa, na hapo akili yake mwenyewe haimfai tena. Tusiwacheke wanaorudi juu mapema. Kicheko chetu kinaweza kumuua baba wa mtu. Nasi wake tuwaulize waume zetu, hata wakikunja uso. Namshukuru Mungu, kisha namshukuru Atiya, aliyekubali kuchekwa.

Leo alfajiri nimesikia tena: tik, tik. Nikadhani analizima tena. Nikawasha taa. Hajar alikuwa amekaa mapajani mwa baba yake, kidole chake kidogo juu ya kitufe cha kompyuta.

"Onyo limewaka, Baba."