Jicho la Nyuma

Ukumbi wa mafunzo wa ghala ulikuwa umefurika watu siku ile. Dada mmoja mwenye ovaroli ya bluu na kilemba chekundu alivua miwani ya kujifunzia kuendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, akayumba, akamkumbatia mtu wa kwanza aliyekuwa karibu. Mtu mwenyewe ndiye aliyeitengeneza programu ya miwani hiyo.

"Samahani kaka, dunia inazunguka."

"Usijali. Wengine hunitapikia."

Basi, mapenzi yakaanzia hapo hapo. Dada akaitwa Dereva, ingawa leseni hana. Kaka akaitwa Fundi. Simu kila jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, ila sauti yako sijashiba."

Mambo ya wapendanao, tuwaache.

Lakini kizunguzungu hakikuisha. Ndani ya miwani ile unaona kwa macho yako mwenyewe, kana kwamba umeketi kwenye kiti cha foklifti, na Dereva kila akivaa anashika tumbo. Mtihani nao ulikuwa umekaribia.

"Fundi wangu, nifanyie maarifa basi," akabembeleza.

Na Fundi, moyo wake laini kama mkate uliolowa chai, akalihamisha jicho la programu. Kwa Dereva peke yake, miwani ikawa inaonyesha foklifti nzima kutoka juu kwa nyuma, anajiona hadi mgongo wake. Kizunguzungu kikakoma. Akafaulu, wakashangilia.

Wiki ya kwanza kazini, Dereva alirudi kinyumenyume na foklifti ya kweli bila kugeuza shingo. Angeigeuza ya nini? Kwenye miwani alizoea kuona nyuma bila kugeuka. Akagonga rafu, maboksi yakamshukia, mkono ukavunjika.

Fundi alijua papo hapo ni kosa la nani. Hospitali hakwenda, simu hakupokea, akawa anaitazama tu ikiita mezani. Mwoga, tuseme ukweli. Naye Dereva akalala na plasta yake, akiamini amechokwa kwa sababu ya mkono mbovu.

"Achana naye," dada yake akamshauri.

Hakuachana naye. Alipotoka hospitali alivaa gauni la njano, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, akamfuata ukumbini.

"Niambie usoni kwamba hunitaki."

"Nakutaka. Ila mimi ndiye niliyekuvunja mkono." Akamweleza yote, macho chini, machozi yanamdondokea shatini.

"Njia ya mkato niliiomba mwenyewe," Dereva akasema. "Hiyo tumekosea wote. Lakini nilikupigia nikiwa na maumivu, ukaniacha nalia peke yangu. Hiyo ni yako."

"Ni yangu. Nisamehe."

"Kesho unamwambia bosi ukweli."

"Atanifukuza."

"Akufukuze. Simu yangu bado utapokea. Sasa rudisha jicho mahali pake, univalishe."

"Utaumwa, mama."

"Niumwe."

Akamvalisha miwani. Dereva alishika usukani wa kiti cha mazoezi kwa mkono mzima, akageuza shingo hadi kidevu kikagusa bega, akaanza kurudi nyuma taratibu. Jasho likamtoka. Ndani ya miwani kulikuwa na rafu na maboksi tu, Fundi hakuonekana.

"Upo?"

"Nipo."

"Usinyamaze. Mimi sikuoni."

Fundi akasimama nyuma ya kiti chake, akawa anarudia neno hilo moja, "Nipo, nipo," mpaka mzigo wa kwenye miwani ukafika mahali pake.