Chupa ya Dengelua kwenye Ghala la Baruti

Jumatatu, saa mbili asubuhi, boksi moja la fataki za kulipulia miamba lilikutwa limetoweka kwenye ghala la baruti la mgodi mmoja nje kidogo ya Handeni mjini. Mlango haukuvunjwa. Chini ya meza ya mtunza ghala, Loyce Mhina, palikuwa na chupa ya plastiki iliyojaa dengelua, ile pombe ya miwa, imeviringishwa kwenye kanga yake.

Balaa gani hili! Wiki hiyohiyo Loyce alikuwa anafanyiwa upekuzi wa mwenendo wake ili akabidhiwe funguo za ghala kuu. Na watu wa kwao Korogwe walijua kwamba zamani, kule mtaa wa Manundu, alikunywa mpaka akafukuzwa kazi. Ameacha miaka minne sasa, lakini nani hukumbuka hilo?

Inspekta Munira, aliyekuja kwa upekuzi na kuachiwa funguo hizo azitoe akiridhika, ikabidi awe mpelelezi. Aliiweka chupa juu ya meza.

"Dada Loyce, hii ni yako?"

"Kanga ni yangu, afande, huwa naiacha hapahapa. Pombe si yangu."

"Obadia anasema alikuona ukiificha Ijumaa jioni, kabla hujapanda basi la Korogwe."

Obadia, msaidizi wake na mtu pekee mwingine mwenye ufunguo, alitikisa kichwa kwa huzuni. "Inaniuma kusema, afande. Mimi sijaonja tone maishani mwangu. Ila mlevi ni mlevi tu."

Damu ilimchemka Loyce. Walitaka alie? Apige magoti? Thubutu! Aliinama akaitazama chupa. Kifuniko kilikuwa kimekazwa barabara, na ubavu wake ulibonyea ukiugusa kidogo.

"Afande, usiifungue. Iache hapahapa chini ya bati, uwahoji wengine kwanza."

"Kwa nini?"

"Utaona kwa macho yako."

Munira alimkazia macho, kisha akakubali. Akaitwa Clinton, mlinzi, ambaye pumzi yake ilitangulia kuingia.

"Jana ulikunywa?"

"Nilikunywa, afande. Zamu haikuwa yangu."

"Chupa hii ni yako?"

"Ingekuwa yangu ungeikuta imejaa?"

Hata Loyce alicheka. Clinton akaongeza kwamba asubuhi ile Obadia ndiye aliyefika wa kwanza, na begi lake la kanisani begani, akajifungia ndani kabla ya wengine.

"Nilikuwa nasali!" Obadia alifoka.

Ilipofika saa tano jua lilikuwa limeshika bati, na ndani mlikuwa hamkaliki. Ghafla chupa ikayumba, ikaanguka na kubingirika mpaka ukutani. Kitako kilikuwa kimevimba. Munira aliiokota, ikawa ngumu kama jiwe.

"Dengelua haikazwi kifuniko, afande," Loyce alisema. "Bado inachacha. Sisi tuliokunywa tunakilegeza ipumue. Hii ingekuwa imekazwa tangu Ijumaa kwa joto hili, Jumamosi ingeshapasuka. Imekazwa leo, na mtu asiyejua pombe."

Munira akamgeukia Obadia. "Lete begi."

Ndani mlikuwa na Biblia. Jalada lake lilinata na kunuka miwa iliyochacha. Obadia aliketi chini taratibu, jasho likimtiririka.

"Nilinunua jana Makuyuni nikitoka ibadani," alisema. "Ilikuwa inamwagikia Biblia, asubuhi nikaikaza. Fataki ziko chini ya mifuko ya saruji nyuma ya ghala, sikutaka kuziuza. Nilitaka tu asipite upekuzi! Maisha yangu yote nimejinyima, halafu funguo apewe mlevi wa Manundu? Haki iko wapi?"

Clinton alitumwa kwenye saruji, akarudi na boksi. Munira alimfunga Obadia pingu, kisha akamgeukia Loyce.

"Swali la upekuzi bado lipo, dada, na sitalikwepa. Uliwahi kulewa kazini?"

"Nililewa, afande. Andika. Wala usipunguze neno."

"Ataanguka tena huyo!" Obadia alipiga kelele mlangoni.

Loyce alimfuata mpaka wakatazamana uso kwa uso.

"Nikianguka, funguo nitazirudisha kwa mkono wangu. Lakini sikiliza, Obadia. Mimi nililewa miaka sita na sikuwahi kuiba hata msumari. Wewe umeiba ukiwa na akili zako timamu."

Munira aliandika yote mawili, kwamba alilewa na kwamba hakuwahi kuiba, akaufunga ukurasa, akamkabidhi Loyce funguo za ghala kuu.