Kwa Nini Kamanda Hakula

Asubuhi za kijiji cha Kitanga huanza na baridi. Veronica aliwasha moto wa kuni kila siku kabla ya jua kutoka, akabandika chai, kisha akaenda kwenye shamba lake la maharage. Enzi za mumewe, Tharsisi, nyumba hiyo haikukosa kelele saa hizo. Tharsisi aliimba akinawa uso, na aliimba vibaya kwelikweli. Mbwa wao, Kamanda, alizunguka jikoni akimgonga kila mtu kwa mkia. Jamani, ilikuwa nyumba iliyochangamka, ingawa walikuwa wawili tu na mbwa wao.

Tharsisi alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilikuwa mbali, upande wa pori, na kila alikokwenda Kamanda alitangulia. Jioni alikaa kwenye kigoda, akamega tonge la ugali wa muhogo, akalirusha juu. Kamanda alilidaka kabla halijagusa chini. Veronica aligomba, eti chakula cha watu hakichezewi. Siku hizi angetoa chochote ili apate tena sababu ya kugomba.

Maana Tharsisi alifariki kipindi cha mvua, kwa ugonjwa wa kifua. Ndugu na majirani walikuja, wakalala matanga. Siku ya kumaliza matanga walichinja mbuzi, wakapika kwenye masufuria makubwa. Watu walikula, wakaagana, wakaenda zao. Mifupa ilitupwa uani kama kawaida, na mbwa wakajilia.

Tangu siku ile Kamanda hakula tena.

Veronica alimwekea ugali uliolowekwa mchuzi wa dagaa. Kamanda alikuja mbio, akanusa, akainamisha kichwa, kisha akarudi nyuma. Alijilaza mlangoni, akawa anapitisha mguu wa mbele usoni, mara kwa mara. Jirani yake Esteri alipoona hivyo alishika shavu.

"Mtazame, mama Careen," alisema. "Anafuta machozi. Anamlilia bwana wake."

Maneno hayo yalienea haraka. Watu waliokuwa wakienda gulioni walisimama kumtazama mbwa mwenye msiba. Na tuseme ukweli, Veronica alifarijika. Binti yake, Careen, alikuwa amesharudi kazini Kibondo. Wageni wote walikuwa wameondoka. Angalau mmoja alibaki kulia naye. Jioni alikaa karibu na Kamanda, akamsimulia habari za Tharsisi, jinsi alivyokimbizwa na nyuki siku ya posa yao mpaka suruali ikachanika. Naye Veronica alikula matonge mawili, akasukuma sahani. Esteri alipomshauri amwite afisa mifugo, alikataa. Alisema msiba hauchomwi sindano.

Lakini mbwa aliendelea kukonda mpaka mbavu zikahesabika. Mate yakaanza kumtoka, mazito na yenye harufu mbaya. Veronica alijaribu kumnywesha maji ya majani machungu. Alipomshika mdomo tu, Kamanda alinguruma. Tangu aletwe pale akiwa mdogo, hakuwahi kumngurumia.

Shemeji yake, Bazilio, mdogo wake Tharsisi, alipita kumjulia hali. Alipomwona mbwa alisimama mbali.

"Shemeji, mbwa anayetoa mate namna hii ana kichaa. Kesho nakuja na vijana tummalize."

Veronica alimsihi. Alisema mbwa hana ugonjwa, ana huzuni tu.

"Hata mimi nampenda," alisema Bazilio. "Lakini akimng'ata mtoto wa watu, tutasema alikuwa na huzuni?"

Veronica alimtazama Kamanda akaona kama Tharsisi anazikwa mara ya pili. Kesho yake asubuhi na mapema alimfunga mbwa kwa kamba ndefu, akapiga moyo konde, akaenda ofisi ya kata.

Afisa mifugo aliitwa Mwanahawa. Alikuwa mtu wa Tanga, lakini alishakaa Kitanga hadi akawa anasalimia kwa Kiha, lugha ya wenyeji.

"Mwakeye, mama," alisema, na kumpa kiti.

Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza maswali. Je, Kamanda amemng'ata mtu? Je, aling'atwa na mbwa asiyejulikana au mnyama wa porini? Je, amechanjwa? Veronica alijibu kwamba hajang'ata wala kung'atwa. Chanjo alipata mwaka jana. Tharsisi mwenyewe ndiye aliyempeleka. Hapo Mwanahawa akataka kuona mikono ya Veronica, maana ilikuwa imegusa mate. Aliitazama vidole na viganja, akaridhika kwamba haina mchubuko. Akachukua mkoba wake, wakapanda pikipiki.

Walimkuta Bazilio na vijana wake wameshafika na fimbo. Mwanahawa aliwasalimia kwa heshima, akawaomba wakae mbali kwanza.

"Hukukosea kuogopa, kaka," alimwambia Bazilio. "Mate na kubadilika tabia vinaweza kuwa kichaa cha mbwa. Dalili zake zikishaanza, hakuna dawa, kwa mbwa wala kwa binadamu. Ndiyo maana hatupeleki mkono kinywani mwa mbwa mgonjwa. Mnamwacha peke yake, mnaniita."

Akaongeza kwamba mtu aking'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa robo saa, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Halafu aliomba chakula kisogezwe kwa ufito mrefu. Kamanda alivuta kamba kukifuata. Alilamba mara moja, akalia kwa maumivu, akajipangusa mdomo kwa mguu.

"Mama, huyu anataka kula," alisema Mwanahawa. "Asiyetaka chakula hakikimbilii. Kuna kitu kinamuuma mdomoni."

Alimchoma sindano ya usingizi. Kamanda alipolala, Mwanahawa alivaa glovu nene. Esteri, ambaye hawezi kunyamaza, alimuuliza Mwislamu anashikaje mbwa. Mwanahawa alicheka, akasema kazi ni kazi, na maji ya kujitoharisha yapo.

Alifungua kinywa cha mbwa. Juu, kwenye kaakaa, mfupa ulikuwa umekaa kama komeo, umebanwa na meno ya pande zote mbili. Nyama iliyouzunguka ilikuwa imeoza. Aliukamata kwa koleo, akaupindisha polepole, ukatoka.

Ulikuwa ubavu wa mbuzi. Veronica aliutazama akakaa chini. Nyama ya mbuzi haikupikwa pale tena tangu siku ya kumaliza matanga.

"Kwa hiyo hakuwa anamlilia?" aliuliza.

Mwanahawa alifuta koleo lake kwanza. "Mama, moyo wa mbwa siwezi kuufungua nikautazama. Kinywa nimekifungua. Huu ulikuwa unamuuma, na angekufa njaa huku tunampa pole."

Aliosha kidonda, akampa Kamanda sindano ya dawa. Alimwelekeza Veronica ampe uji mwepesi wa vuguvugu wenye supu ya dagaa, kidogokidogo, kwa sababu tumbo lililokaa na njaa halijazwi ghafla. Dawa ya minyoo ingekuja baadaye, akipata nguvu. Na siku nyingine mbwa akikosa kula kwa siku moja na nusu au mbili, aitwe mtaalamu, wasisubiri kubahatisha sababu. Mifupa iliyopikwa wasimpe kabisa. Hupasuka vipande vyenye ncha, vikamkwama kinywani au vikamtoboa tumbo.

Bazilio aliweka fimbo chini. Baadaye, alipofariki mzee Nkunzimana wa kijiji jirani, ni yeye aliyechimba shimo nyuma ya jiko la matanga. Veronica alisimama hapo na ungo, akiwaambia kinamama mifupa yote iende shimoni. Wengine walinung'unika, lakini walitii. Mwezi huohuo mbwa wa kijiji walipelekwa kwenye chanjo, na Kamanda alikwenda akiwa amenenepa, akivuta kamba mpaka mkono wa Veronica ukauma.

Siku moja jioni Veronica alisonga ugali na kumwekea Kamanda sehemu yake. Mbwa alikula wote, akalamba bakuli mpaka likasogea hadi ukutani, kisha akarudi akitingisha mkia, akitaka tena. Hakuwa na huzuni hata chembe. Veronica alifurahi, na papo hapo akaona amebaki peke yake na msiba wake. Machozi yakamtoka kweli, mengi, kama ambavyo hayakutoka hata siku ya mazishi.

Akamega tonge kwenye sahani yake, akamwekea.

"Kula, baba," alisema. "Kulia nitalia mimi."

Kisha akamega tonge jingine, akala mwenyewe, mpaka sahani ikaisha.